Chupa ya Gundi Katika Karakana ya Mbao: Kuichagua na Kuitunza

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa na idara ya kaunti inayosimamia biashara, viwanda na mafunzo ya ufundi, kwa ajili ya mafundi wa mbao, wakufunzi na wanagenzi. Yanachapishwa hapa ili yawafikie pia mafundi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Serikali ya kaunti inapokutana na mafundi, mazungumzo huwa ni ya leseni, vibanda, mikopo na zabuni. Hayo yana siku yake. Mada ya leo ni ndogo kiasi kwamba wengine watatabasamu wakiisikia: chupa ya gundi. Namna ya kuichagua, kuijaza, kuifunga, kuisafisha, na mahali pa kuiweka.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini na leseni za biashara mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo ubora wa kazi inayotoka katika karakana si jambo la fundi na mteja wake peke yao. Dawati linaloachia miguu kabla mtoto hajamaliza darasa la pili ni hasara kwa shule, kwa mzazi, na kwa jina la fundi aliyelitengeneza. Mara nyingi dawati hilo halikuharibiwa na mbao mbovu wala msumeno butu. Liliharibika siku lilipounganishwa, kwa sababu gundi haikufika pale ilipotakiwa kufika.

Chupa mbovu huita msumari

Katika karakana nyingi mambo huenda hivi. Fundi amechonga ulimi na tundu vizuri. Ananyoosha mkono kuchukua gundi. Ncha ya chupa imeziba tangu Ijumaa. Anatafuta msumari wa kuizibua, haupati, anaikata ncha kwa patasi. Sasa tundu la chupa ni pana kama kidole, na gundi inamwagika kwa fungu. Anafuta kwa kitambaa, anabakisha kidogo upande mmoja, anaingiza ulimi, kisha, kwa kuwa moyoni anajua gundi ni haba, anapigilia misumari miwili ili kujihakikishia.

Kiti hicho kitaonekana imara siku ya kuuzwa. Lakini mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na msumari hauvimbi wala hausinyai pamoja nazo. Baada ya misimu michache msumari hulegea katika tundu lake na kiti huanza kulia. Kiungo kilichopakwa gundi pande zote, kikabanwa vizuri na kuachwa kikauke, hakihitaji msumari. Kikijaribiwa kuvunjwa, aghalabu mbao yenyewe hupasuka kabla ya gundi kuachia.

Tofauti kati ya viti hivyo viwili ilianzia kwenye chupa. Chupa iliyo tayari humfanya fundi apake gundi ya kutosha bila kufikiri. Chupa iliyoziba humfanya atafute njia ya mkato.

Gundi ipi, chupa ipi

Hakuna chupa moja inayofaa kila gundi. Kabla ya kuchagua chombo, fundi ajiulize jambo moja: gundi hii hukauka kwa njia gani? Jibu hilo humwambia chombo kinatakiwa kuzuia nini.

Gundi nyeupe ya mbao, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, pamoja na ile ya manjano, huchanganywa na maji. Maji hayo yakiingia katika mbao na kupotea hewani, gundi hugandamana. Kazi ya chupa yake ni kuyazuia maji yasitoroke kabla ya wakati.

Gundi ya poliyurethani, ile ya rangi ya asali inayotoa povu, hufanya kinyume. Hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa na wa mbao. Kazi ya chupa yake ni kuuzuia unyevu usiingie. Fundi wa Pwani, ambako hewa ni nzito kwa unyevu, huiona ikigandia chupani upesi akiiacha wazi. Kabla ya kuifunga, chupa ibanwe taratibu hadi gundi ifike mdomoni na hewa itoke, ndipo kifuniko kirudishwe.

Gundi ya kugusisha, ile inayobandika sponji, ngozi na fomaika, huyeyushwa kwa vimiminika vikali vinavyoruka hewani na kushika moto kwa urahisi. Kazi ya chombo chake ni kuuzuia mvuke usitoroke kufika kwenye moto na kwenye mapua ya watu. Hii itazungumziwa peke yake hapa chini.

Gundi ya epoksi huja katika vyombo viwili, na hukauka pale tu vitu hivyo viwili vinapochanganywa. Kosa lake kubwa ni kubadilisha vifuniko. Tone la upande mmoja likibaki kwenye kifuniko cha upande wa pili, kifuniko hugandia hapo hapo. Weka alama ya rangi kwenye kila chupa na kifuniko chake. Rangi mbili zinatosha kuokoa chupa zote mbili.

Plastiki ya kuchagua

Gundi nyeupe hununuliwa kwa bei nafuu ikiwa katika ndoo au mkebe mkubwa. Ndipo fundi humimina kiasi katika chupa ndogo ya mezani. Chupa hiyo ya mezani ndiyo yenye kuhitaji kuchaguliwa.

Kwanza, iwe ya plastiki laini inayobonyea na kurudi katika umbo lake. Chini ya chupa nyingi pana pembetatu yenye namba. Chupa zenye namba 2 na namba 4 zimetengenezwa kwa polithini. Hizo zinafaa sana kwa sababu gundi nyeupe haishiki vizuri kwenye polithini: ikikaukia ndani au kwenye ncha, hubanduka kama ganda. Namba 4 ndiyo laini zaidi mkononi. Namba 5 pia inafaa, hasa kwa vifuniko na ncha.

Chupa za maji na soda, ambazo huwa namba 1, hazifai. Zikibonyezwa hujikunja na hazirudi vizuri, mdomo wake ni mpana, na zina hatari nyingine kubwa kuliko hizo, itakayoelezwa.

Chupa rahisi kupatikana ni ile inayotumika katika vibanda vya chipsi kwa sosi ya nyanya: laini, yenye ncha ndefu kama pembe, na inauzwa mpya katika maduka ya vyombo vya plastiki. Fundi anunue mpya, na rangi yake isiwe nyekundu wala ya manjano. Achague nyeupe au isiyo na rangi. Faida ni mbili: ataona kiasi cha gundi kilichobaki, na hakuna mtu atakayeichukua akidhani ni ya sosi.

Pili, ukubwa. Chupa ya mililita 250 hadi 500 inatosha. Chupa ya lita nzima huchosha kiganja, na gundi hukaa ndani muda mrefu ikifunguliwa na kufungwa kila siku. Ni heri kujaza mara mbili kwa wiki kuliko kubeba mzigo.

Tatu, mdomo wa kujazia uwe mpana kiasi cha kuingiza brashi ya kusafishia. Chupa isiyoweza kusafishwa ni chupa ya kutupwa.

Nne, chuma kisitumike. Gundi nyeupe nyingi huwa na asidi kidogo. Ikikaa katika mkebe wa chuma uliokwaruzika ndani, hula kutu na kugeuka rangi kuwa kijivu au zambarau. Gundi hiyo ikipakwa kwenye mbao zenye tanini nyingi, kama mkaratusi, huacha madoa meusi kando ya kiungo ambayo msasa hauyaondoi na vanishi huyaonyesha zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, kibano cha chuma kikigusa gundi mbichi juu ya mbao huacha doa. Kipande cha karatasi ya nailoni au kibao chakavu kati ya kibano na mbao humaliza tatizo hilo.

Ncha ndiyo kalamu ya fundi

Ncha nyingi huja zikiwa zimeziba, ili mnunuzi aikate mwenyewe. Wengi hukata mara moja, chini sana. Ncha ikatwe juu kabisa kwanza, kwa kisu kikali, kisha ijaribiwe kwenye kipande cha mbao. Ikitoa uzi mwembamba wa milimita 2 hivi, inatosha kwa kazi nyingi za tundu na ulimi. Ikiwa haba, ikatwe kidogo tena. Kilichokatwa hakirudi.

Karakana yenye kazi mchanganyiko hufaidika na chupa tatu za gundi ile ile, kila moja na ncha yake. Ya kwanza ina tundu dogo kwa vigingi na nyufa. Ya pili ina tundu la wastani kwa tundu na ulimi. Ya tatu ina mdomo mpana kwa kumwaga gundi juu ya mbao zinazounganishwa ubavu kwa ubavu, kama za meza, kisha husambazwa kwa brashi ya bei rahisi au kipande cha plaiwudi kilichochongwa meno.

Kutandaza ni muhimu kama kumimina. Mstari wa gundi uliopita katikati ya mbao haumaanishi kwamba gundi itafika pembeni. Kiasi cha kawaida ni gramu 150 hadi 200 kwa kila mita mraba ya uso unaopakwa. Fundi hahitaji mizani kila mara. Akibana kiungo na kuona shanga ndogo ndogo za gundi zikijitokeza kwenye mstari mzima, gundi imetosha. Isipotoka kabisa, kiungo kina njaa. Ikitiririka hadi sakafuni, pesa zinatiririka.

Kufunga, kusimamisha na kuweka alama

Msumari wa chuma uliochomekwa kwenye ncha ni kizibo maarufu kuliko vyote, na ni kibaya kuliko vyote. Huota kutu, na kutu hiyo huingia katika gundi. Kizibo kizuri ni kile kilichokuja na chupa, kikifungwa kwa kamba fupi ili kisipotee. Kikipotea, kigingi kidogo cha mbao kilichochongwa kama penseli na kupakwa nta ya mshumaa hufanya kazi hiyo bila gharama. Nta huzuia gundi isishike kigingi.

Kabla ya kufunga, ncha ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kujibu simu, na ndiyo inayoamua kama chupa itafunguka kesho asubuhi.

Chupa ikiwekwa kichwa chini, gundi hukaa karibu na ncha na hewa hukaa juu. Fundi hapungukiwi wakati akisubiri gundi iteremke, na ncha haikauki upesi. Kibao chenye matundu mawili au matatu yaliyotobolewa kwa keekee, chenye miguu mifupi na kigae chini cha kudaka matone, kinatosha kuwa nyumba ya chupa. Kitengenezwe na mwanagenzi katika wiki yake ya kwanza, na chupa zirudi hapo kila mara. Chupa yenye mahali pake haitafutwi.

Kisha alama. Kila chupa iliyojazwa kutoka ndoo iandikwe vitu vitatu kwa kalamu isiyofutika: aina ya gundi, tarehe ndoo ilipofunguliwa, na daraja la kustahimili maji kama limeandikwa kwenye ndoo. Gundi nyingi za mbao hupewa daraja kwa kipimo cha Ulaya kuanzia D1 hadi D4. D1 ni ya vitu vya ndani mahali pakavu tu. D2 hustahimili maji kidogo ya mara moja moja. D3 hufaa jikoni, bafuni, na nje palipo na kivuli cha paa. D4 hufaa mahali penye maji mengi, na hata nje ikiwa mbao imepakwa rangi au vanishi vizuri. Chupa isiyo na alama huwafanya mafundi wawili wa karakana moja wadhani vitu tofauti. Mmoja hujaza D1, mwenzake huitumia kwenye mlango wa nje, na mlango huo hufumuka mvua za masika zikifika. Mteja hataulizia daraja la gundi. Atauliza nani alitengeneza mlango.

Kusafisha bila kupasua

Ncha ikiziba, isikatwe. Chukua maji ya moto yasiyochemka, itumbukize ncha kwa dakika 15 hadi 30, na gundi nyeupe iliyokauka italainika na kugeuka nyeupe kama ugali mwepesi. Kijiti cha mwanzi au cha kuchokolea meno huisukuma nje kuanzia ndani kwenda nje. Siki vuguvugu husaidia palipo pagumu. Mara nyingine ni rahisi zaidi kuiacha ikauke kabisa, kisha kuvuta ganda lote kwa koleo, kwa kuwa polithini haiishiki.

Chupa yenyewe isafishwe ikiisha, kabla ya kujazwa upya. Kumimina gundi mpya juu ya masalio ya miezi mitatu ni sawa na kuchanganya maziwa ya leo na ya juzi. Vipande vikavu vilivyobaki huingia katika gundi mpya, huziba ncha, na vikiingia kwenye kiungo huzuia mbao zisikutane. Wakati wa kumimina kutoka ndoo, kitambaa chepesi au chujio la rangi likiwekwa juu ya faneli hudaka vipande hivyo pamoja na unga wa mbao.

Maji ya kusafishia yenye gundi nyingi yasimwagwe kwenye mtaro. Yakiachwa kwenye karai kuukuu juani, maji hupotea na gundi hubaki kama karatasi inayotupwa pamoja na taka kavu.

Ubaridi, jua na umri

Kaunti za Kenya hazina hali moja ya hewa, na gundi hulijua hilo kuliko watu. Katika nyanda za juu, asubuhi za Julai huwa baridi sana. Gundi nyeupe nyingi haziwezi kushikana vizuri zikipakwa chini ya nyuzi 10 hivi za selisiasi, na kiwango kamili huandikwa kwenye ndoo. Dalili yake ni wazi: badala ya kuwa angavu, gundi iliyokauka huwa nyeupe na hutoka unga kama chaki. Kiungo hicho hakina nguvu, hata kikiachwa wiki nzima. Dawa si kuweka chupa juu ya jiko. Chupa ilale ndani ya nyumba usiku, na kazi ya kuunganisha ifanywe jua likishapanda, kwa kuwa mbao nazo zinapaswa kuwa zimepata joto.

Katika nyanda za chini na kaskazini, adui ni jua. Chupa iliyoachwa dirishani hujenga utando juu ya gundi. Utando ukivunjwa na kukorogwa ndani, gundi hujaa madonge. Ndoo na chupa zikae kivulini, chini ya meza, mbali na mabati.

Gundi ikizidi kuwa nzito, fundi wengi huongeza maji. Tone la maji la kufidia yaliyopotea halidhuru ikiwa mtengenezaji ameruhusu na kiasi chake kimeandikwa. Lakini gundi iliyoongezwa maji hadi itiririke kama maziwa ni gundi iliyopunguzwa nguvu. Huingia yote kwenye vinyweleo vya mbao na kuuacha mstari wa kiungo mtupu. Gundi iliyonuka uvundo, iliyojitenga isiyochanganyika tena, au iliyovutika kama mpira, haiponi kwa maji. Itumike kubandika karatasi au itupwe.

Tarehe iliyoandikwa kwenye chupa ndiyo itakayosema. Kipande viwili vya mbao chakavu vikiunganishwa kwa gundi inayoshukiwa, vikabanwa, vikaachwa saa 24 kisha vikapigwa nyundo, hutoa jibu la kweli. Mbao ikipasuka, gundi ni nzima. Mstari ukiachia ukiwa safi, gundi imekufa.

Gundi yenye mvuke haikai kwenye chupa

Sasa ile gundi ya kugusisha. Hii isimiminwe kamwe katika chupa za plastiki za kubonyeza. Mvuke wake hupenya plastiki laini taratibu, vimiminika vyake hulainisha baadhi ya plastiki, na mdomo wa chupa hauzibi vizuri. Ibaki katika mkebe wa chuma iliyokuja nao, kifuniko kikigongwa sawasawa kila baada ya kutumika, mfereji wa kifuniko ukifutwa ili kishike. Kinachohitajika kwa saa moja kimiminwe katika mkebe mdogo wenye kifuniko.

Katika maeneo mengi ya jua kali, seremala na mchomeleaji hutenganishwa na ukuta wa mabati. Cheche haiulizi mpaka wa kibanda. Mvuke wa gundi hii ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na unaweza kushika moto mbali na mkebe wenyewe. Fundi apatane na jirani yake kuhusu saa za kuchomelea, afungue milango pande zote mbili anapobandika, na mkebe usikae karibu na jiko la makaa.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwenye karakana analijua na wachache hulisema. Vijana na watoto wanaoishi mitaani hununua gundi hii ikiwa imepimwa katika vichupa vidogo, ili wainuse. Toluini iliyomo katika gundi nyingi za aina hiyo huharibu ubongo na neva, na inaweza kuua kwa ghafla kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Fundi au mwanagenzi anayemuuzia mtoto kichupa kwa shilingi chache hauzi gundi. Mkebe ukae chini ya kufuli, ufunguo uwe kwa mtu mmoja, na mkebe uliokwisha uachwe wazi ukauke mahali penye hewa pasipofikiwa na watoto kabla ya kutupwa.

Chupa ya soda ni ya soda

Hatari iliyotajwa mapema ni hii. Thina, mafuta ya taa, vanishi na gundi huishia katika chupa za soda na maji kwa sababu chupa hizo hazina bei. Mtoto aliyemfuata mzazi karakana, au fundi mwenye kiu saa saba mchana, huiona chupa anayoijua na kuiinua mdomoni. Mafuta ya taa na thina zikinywewa huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo zinapoua.

Mtu akinywa kimiminika hicho, asilazimishwe kutapika, kwa sababu kutapika huongeza uwezekano wa kuingia mapafuni. Apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu mara moja, pamoja na chupa yenyewe au mkebe wa asili, ili mhudumu ajue alichokunywa. Lakini kinga ni rahisi kuliko tiba: karakana iwe na kanuni moja isiyo na mjadala, kwamba kisichonyweka hakiingii katika chupa ya kinywaji.

Hesabu ya gramu 30

Wako watakaosema kwamba yote haya ni kazi kubwa kwa kitu cha bei ndogo. Hesabu ifanywe. Kiti cha kawaida chenye viungo 12, kila ulimi ukiwa na urefu wa milimita 50 na upana wa milimita 60, kina nyuso mbili za kupakwa kwa kila ulimi. Hizo ni milimita mraba 6,000. Kwa gramu 200 kwa mita mraba, ulimi mmoja huhitaji gramu 1.2. Tundu nalo likipakwa, kiungo kinafika gramu 2.4. Viungo 12 vinakuwa karibu gramu 29.

Kwa hiyo kilo moja ya gundi iliyotunzwa huunganisha viti 34. Chupa inayotupwa ikiwa imebakisha gramu 60 zilizogandia ndani imetupwa na gundi ya viti viwili. Karakana inayotupa chupa kama hiyo kila wiki imepoteza zaidi ya kilo 3 kwa mwaka, yaani gundi ya viti zaidi ya 100.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ulio muhimu zaidi. Gundi ya kiti kizima haifiki gramu 30. Hakuna akiba ya maana inayopatikana kwa kupaka nusu yake. Fundi anayeibania gundi anaokoa gramu 15 na kuweka rehani jina lake.

Nusu saa ya Jumamosi

Utunzaji wote uliotajwa unaingia katika nusu saa ya mwisho wa wiki. Chupa zote zikusanywe mezani. Ncha zilowekwe katika maji ya moto wakati sakafu inafagiliwa. Masalio yamiminwe pamoja kama ni ya ndoo moja na tarehe moja. Chupa zioshwe, zikauke, zijazwe kupitia chujio, alama zisomwe na zilizofifia ziandikwe upya. Kifuniko cha ndoo kikazwe. Mkebe wa gundi ya kugusisha uhesabiwe na ufungiwe. Kazi hii wasiachiwe wanagenzi peke yao mwezi wa kwanza. Fundi mkuu akiifanya mbele yao, wataichukua kuwa sehemu ya ufundi, kama kunoa randa.

Wakufunzi wa vyuo vya ufundi wanaombwa waiweke katika somo la kwanza la kuunganisha mbao, kabla ya kibano na kabla ya msumari. Vikundi vya jua kali vinavyonunua ndoo kubwa kwa pamoja vinaombwa viandike tarehe ya kufungua ndoo mahali ambapo kila mwanachama ataiona. Afisa wa biashara katika ofisi ya kila kaunti ndogo yupo kusikiliza fundi anayehitaji ushauri kuhusu leseni, masoko na mafunzo, na anaweza kuulizwa pia kuhusu jambo dogo kama hili.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa seremala, ufa wenyewe mara nyingi huanzia kwenye ncha ya chupa iliyoziba Ijumaa jioni, fundi akiwa na haraka ya kwenda nyumbani.